HAKI YA MTO: SOMO JUU YA MAJI YA MILIMA YA ULUGURU NA WAJIBU WA WATU WA PWANI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeteremsha maji kutoka mawinguni kwa kadiri, akayatuliza katika ardhi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baadu. Mtu wa Dar es Salaam akiamka alfajiri, akafungua mfereji wa msikiti apate kutawadha, aghalabu hafikiri maji yale yatoka wapi. Hudhani yatoka katika bomba, kama mtoto mdogo adhaniavyo kuwa mkate wazaliwa dukani. Walakini bomba ni njia tu, wala njia haizai kitu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 mto Ruvu ulipungua kwa ukame, na maji ya mji yakawa ya kugawiwa kwa zamu. Watu wakabeba ndoo na madumu, na bei ya maji ya kununua ikapanda. Hapo ndipo wengi walipouliza suali ambalo yafaa liulizwe siku ya shibe kabla ya siku ya kiu: maji haya asili yake ni wapi, na ni nani ayatunzaye, na ana haki gani juu ya ayanywaye?

Somo hili limepangwa kwa fasili nne na khatima, ili msomaji apate jawabu ya suali hilo kwa khabari zilizo sahihi na kwa hukumu za sharia.

FASILI YA KWANZA: YATOKAKO MAJI

Jua, ewe msomaji, ya kwamba juu ya mji wa Morogoro imesimama milima iitwayo Uluguru. Kilele chake kirefu, Kimhandu, chapita mita 2,600 juu ya bahari. Milima hii ndiyo ya kwanza kupokea pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi. Kwa hiyo upande wake wa mashariki, wa Matombo na Kibungo, hupata mvua nyingi sana, na upande wa magharibi, wa Mgeta, hupata kidogo kuliko huo. Katika milima hiyo hutoka mito ya Mfizigo, na Mvuha, na Mgeta, na Ngerengere, na yote huingia katika Ruvu. Ruvu nao hushuka nchi ya tambarare mpaka ukamwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo.

Kabla haujafika baharini mto huo huchotwa mara mbili kwa ajili ya mji mkuu wa pwani. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na mtambo wa Ruvu Chini mwaka 1976, na yote miwili ikaongezwa nguvu katika miaka iliyofuata. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam yatoka hapo. Na mji wa Morogoro nao hunywa katika bwawa la Mindu, lililojengwa juu ya mto Ngerengere katika miaka ya 1980. Basi mlima mmoja wanywesha mji ulio chini ya miguu yake na mji ulio pwani, mwendo wa siku nyingi kwa miguu.

Huenda mtu akasema: mvua ndiyo iletayo maji, wala siyo mlima. Kauli hii ni nusu ya kweli. Mvua ikinyesha juu ya msitu, majani huivunja nguvu, na takataka za majani yaliyooza huinyonya kama sponji, kisha ardhi huitoa kidogo kidogo kwa njia ya chemchemi, hata miezi ya kiangazi mto usikauke. Na huko juu penye ukungu miti huyakamata hata maji yasiyonyesha, yakatona kutoka majanini mpaka chini. Lakini mvua ikinyesha juu ya mteremko uliofyekwa ukaungua, haikuti kizuizi. Hushuka kwa siku moja yale ambayo yangetosha kwa miezi, na huuchukua udongo pamoja nayo. Basi huwa gharika wakati wa masika, na vumbi wakati wa kiangazi. Udongo ule huenda ukajaza bwawa, likawa halichukui maji kama lilivyochukua zamani, na huutia mto tope, hata mitambo ihitaji dawa zaidi ya kuyasafisha maji. Mvua ni ile ile, iliyopotea ni hazina.

Na Mwenyezi Mungu ametukhubiria katika Suratul Muuminun, aya ya 18, ya kwamba ameteremsha maji kwa kipimo, akayakalisha katika ardhi, na ya kwamba Yeye aweza kuyaondoa. Mwenye akili na alizingatie neno hili la kuyakalisha. Neema haikutajwa kuwa ni kunyesha peke yake. Imetajwa na kutulizwa kwa maji mahali pake. Basi mwenye kuharibu pale yanapotulia ameiharibu nusu ya neema.

FASILI YA PILI: KHABARI YA AMRI ILIYOSHINDWA

Wakaao katika milima hiyo ni Waluguru, watu wahesabuo ukoo kwa upande wa mama, na ardhi yao tangu zamani ni ya koo. Wako Waislamu kati yao, na wako Wakristo. Na Wazaramo wa pwani husimulia ya kwamba asili yao wametoka huko milimani. Kwa hiyo mtu wa pwani amwitapo Mluguru mtu wa mbali, huenda akawa amtenga jamaa yake.

Serikali ya Kijerumani ilitenga misitu ya juu ya Uluguru kuwa ya hifadhi mwaka 1909. Baadaye serikali ya Kiingereza iliona mashamba ya miteremkoni yaporomoka, ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wenyeji wakaamrishwa kuchimba matuta ya ngazi kwa nguvu, na asiyechimba aadhibiwa. Nia ya kuzuia udongo ilikuwa na maana yake, lakini njia haikuwa njema. Katika upande wa mashariki udongo wa rutuba ni mwembamba. Walipokata ngazi, udongo mbaya wa chini ukapanda juu, na mavuno yakapungua. Mkulima akafanya kazi ngumu bila ya ujira, akavuna kidogo kuliko alivyovuna kabla. Mwaka 1955 watu wakakataa, wakakusanyika huko Matombo, kukatokea fujo, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mpango ule wa kulazimisha ukaachwa.

Mafunzo katika khabari hii ni mawili. La kwanza, ya kwamba mwenyeji aijua ardhi yake, na asiyemuuliza hukosea hata akiwa na elimu. La pili, ya kwamba mtu akibebeshwa mzigo ambao faida yake yamwendea mwingine, atautua siku ya kwanza apatapo nafasi. Asemaye kuwa watu wa mlimani ni wajinga wasiopenda miti, na aisome khabari ya mwaka 1955. Watu wale hawakuchukia mti, walichukia dhulma.

FASILI YA TATU: KHABARI YA UJIRA ULIOKUBALIWA

Baada ya miaka khamsini na moja ilijaribiwa njia nyingine katika milima hiyo hiyo. Mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalianza kazi ya kupima jambo hili: je, yawezekana yule anywaye maji huku chini amlipe yule ayatunzaye kule juu? Wakachagua bonde la mto Mfizigo, kata ya Kibungo Juu, katika vijiji vyake, miongoni mwao Kibungo, na Lanzi, na Dimilo, na Lukenge, na Nyingwa. Na upande wa wanywaji wakaingia DAWASCO, iliyokuwa ikiuza maji ya mji wa Dar es Salaam mpaka ilipounganishwa na DAWASA mwaka 2018, na kiwanda cha vinywaji cha Coca-Cola Kwanza.

Mapatano yalikuwa hivi. Mkulima kwa hiari yake huchagua sehemu ya shamba lake, akaifanyia mojawapo ya kazi zilizotajwa: kukata matuta ya ngazi na kuyatia samadi, au kuotesha nyasi kwa mistari iukatao mteremko, au kuchanganya miti na mazao, au kuliacha shamba lililo kali mno lirudi kuwa mwitu. Kisha eneo hupimwa, na ujira hulipwa kwa kadiri ya ukubwa wa eneo na aina ya kazi. Hapana aliyepigwa, wala aliyetozwa faini kwa kukataa. Na matuta yale yale yaliyokimbiwa mwaka 1955 yalichimbwa kwa mikono ya wajukuu wa wale waliokimbia, maana safari hii yalitiwa mbolea, na jasho lilikuwa na thamani.

Walakini si haki kusifu bila ya kutaja upungufu. Kazi ile ilikuwa ya mradi wenye muda, na kijiji chahitaji ahadi ndefu kuliko umri wa mradi. Mti hukua kwa miaka ishirini, na njaa huja kila mwaka. Mwenye shamba la ekari moja tu hawezi kulipumzisha ikiwa ujira hautoshi kununua chakula ambacho shamba lile lingempa. Na mwenye kulima ardhi ya ukoo ambao si wake huogopa kupanda mti, maana mti wa kudumu ni kama dai la ardhi, na mwenye ardhi huenda akamzuia. Atakaye kuyatengeneza haya na ayakabili mambo matatu: ujira utoshao, ahadi idumuyo, na ruhusa ya wenye ardhi.

FASILI YA NNE: HUKUMU ZA SHARIA

Maji ya mto mkubwa, kwa Imamu Shafii na wengineo, hayamilikiwi na mtu yakiwa mtoni. Imepokewa na Abu Daud ya kwamba Mtume (s.a.w.) amewafanya Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu, navyo ni maji, na malisho, na moto. Na ushirika una pande mbili: kila mshirika ana fungu, na kila mshirika ana dhamana.

Ama mpango baina ya wa juu na wa chini, dalili yake ni khabari ya Zubair bin Awwam na jirani yake wa Kiansari, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Waligombana juu ya mfereji wa maji ya Harra, na Zubair ndiye aliyekuwa juu. Mtume (s.a.w.) kwanza alimwelekeza Zubair anyweshe kisha ayaachilie maji yamwendee jirani. Yule jirani aliponung'unika, Mtume akampa Zubair haki yake kamili, na wanazuoni wakaikadiria kuwa ni maji yafikayo vifundo vya miguu. Katika hadithi hii mna mambo mawili: wa juu ana haki ya kutangulia, na haki yake ina mpaka. Hakupewa mto mzima, wala wa chini hakupewa ruhusa ya kumnyang'anya.

Kadhalika mafakihi wametaja harimu ya mto, nayo ni ukingo wake ambao haumilikiwi kwa kuuhuisha. Imamu Suyuti, aliyekufa mwaka 911 wa Hijra, aliwakataza watu wa zama zake kujenga juu ya ukingo wa mto Nile. Na sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imekataza kazi za kudumu za watu katika mita sitini tangu ukingo wa mto. Basi mwenye kulima mpaka majini amekhalifu serikali na amekwenda kinyume cha kauli ya mafakihi.

Suali: Yafaa kumlipa mtu wa mlimani? Je, huku si kuuza maji ya mto yasiyouzwa?

Jawabu: Yafaa, wala si kuuza maji. Kinacholipwa ni kazi: kuchimba tuta, kupanda mti, kuotesha nyasi. Kazi ikijulikana na ujira ukajulikana, hiyo ni ijara. Na ikiwa ujira waahidiwa kwa mwenye kutimiza jambo, hiyo ni juala, nayo mafakihi huitafutia dalili katika Suratu Yusuf, aya ya 72, palipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayekileta kikombe cha mfalme. Sharti ni kuwa kipimo kiwe wazi na ujira usicheleweshwe.

Suali: Je, huku si kumpa mtu rushwa ili asidhuru?

Jawabu: Hapa yapasa kupambanua. Akataye mti katika msitu wa hifadhi, au amwagaye sumu mtoni ili apate samaki, huyo ni mwenye kudhuru. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara, basi huyo hazuiwi kwa kulipwa, bali kwa hukumu. Ama mwenye kulima shamba lake la halali kwa njia ya wazee wake, akaombwa aache sehemu ya mavuno yake ili wengine wanywe, huyo aacha haki yake, na mwenye kuacha haki kwa faida ya mwingine astahiki badali. Na kanuni ya mafakihi ni kuwa gharama humfuata mwenye faida. Anywaye ndiye mwenye faida. Basi haifai mtu wa mjini anywe, na mtu wa mlimani peke yake alipe kwa njaa ya watoto wake.

Suali: Je, wajibu ni wa watu wa mlimani na serikali tu?

Jawabu: La. Wa chini naye ana dhambi zake. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyosimama, na amewaonya watu na kujisaidia kwenye manyweo ya watu, na njiani, na kivulini. Ikiwa hiyo ni hukumu ya haja ya mtu mmoja, basi wasemaje juu ya maji machafu ya viwanda, na takataka za mji mzima, zitupwazo katika Ngerengere na katika mito ya Dar es Salaam? Tena mkaa unaopikia vyakula vya mjini asili yake ni mti wa shamba. Auchomaye ni mmoja, na wautumiao ni maelfu. Na imepokewa kwa Ibn Majah ya kwamba Mtume alimkataza Saad israfu ya maji ya udhu hata awapo penye mto upitao. Wataalamu wamezungumza juu ya sanadi yake, lakini Imamu Nawawi ametaja ya kwamba wanazuoni wamekubaliana juu ya kukatazwa kwa israfu ya maji hata mtu awe kando ya bahari. Basi afunguaye mfereji ukamwagika tangu kunawa viganja mpaka kuosha miguu, huku azungumza na mwenziwe, na ajue ya kuwa ameanza ibada kwa makruhu. Wazee walitawadha kwa kata moja ya birikani, na sala zao hazikupungua kitu.

Na mfano wa jambo lote hili ni ule wa wenye chombo, uliopokewa na Bukhari kwa Nuuman bin Bashir. Wengine wako juu na wengine wako chini. Wa chini, walipokuwa wakipanda kuteka maji huwapitia wa juu, wakataka kutoboa tundu katika fungu lao wasiwaudhi. Wakiachwa, wote huzama, na wakizuiwa, wote huokoka. Watu wa pwani ni mabaharia, hawahitaji kufasiriwa mfano huu. Ila na watambue ya kuwa waliotaka kutoboa walikuwa na shida ya kweli, walihitaji maji. Basi mwenye akili humshika mkono mwenye kutoboa, kisha humtekea maji.

KHATIMA: YAPASAYO KUTENDWA

Kwanza, imamu na maamuma na watazame mifereji ya msikiti wao. Unaovuja utengenezwe, na maji ya kutawadhia yanywesheze mti ulio uani.

Pili, watu wajiunge katika jumuiya za watumia maji, ambazo sheria ya maji ya mwaka 2009 imezitambua, na wahudhurie mashauri ya Ofisi ya Bonde la Wami na Ruvu iliyoko Morogoro. Ndani ya jumuiya hizo wa juu na wa chini hukaa jamvi moja. Huko Oman, ambako wengi wa pwani wana nasaba, maji ya falaji hugawanywa kwa zamu za saa, chini ya wakili aliyekubaliwa na wenyeji. Mbele huanza maji ya kunywa, kisha ya msikiti, kisha ya mashamba. Falaji Daris ya Nizwa ingali yatiririka mpaka leo, nayo haikudumu kwa wingi wa mvua, maana nchi ile ni kavu. Imedumu kwa uaminifu wa mapatano.

Tatu, wenye mali na wakumbuke wakfu. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa watu wote wa Madina, naye hakukichimba. Leo mtu wa Kariakoo akitaka thawabu ya maji huchimba kisima uani kwake, na hilo ni jema. Lakini wakfu ambao mapato yake yamlipa mkulima wa Kibungo atunze chemchemi, huo nao ni kisima, tena wanyweshao watu asiowajua. Na imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Anas ya kwamba Muislamu hapandi mti akala humo ndege, au mtu, au mnyama, ila huandikiwa sadaka.

Nne, na watu wadai haki kwa adabu. Msitu wa juu wa Uluguru ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na ujenzi wa bwawa la Kidunda juu ya Ruvu ulianza mwaka 2023. Hayo ni mambo makubwa ya serikali. Walakini bwawa hukusanya maji, haliyazai. Mlima ukiwa mtupu, bwawa litakusanya tope. Kwa hiyo kila ijengwapo hazina huku chini, na waulizwe wenye amri: fungu la walinzi wa kule juu ni lipi?

Mwenyezi Mungu ameuliza mwishoni mwa Suratul Mulk, kwa maana yake, ni nani atakayewaletea watu maji yatiririkayo ikiwa maji yao yatadidimia chini. Msomaji ahifadhiye sura hiyo aisoma usiku kabla ya kulala, na alfajiri huamka akafungua mfereji. Na azingatie mfereji ule ni jawabu ya kila siku, na ya kwamba baina yake na mfereji ule, baada ya fadhili ya Mola wake, yuko mtu mwenye jembe juu ya mteremko, ambaye leo asubuhi amechagua kutokata mti.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu na jirani zao taufiki ya kutunza amana hii. Wallahu aalamu.